Linnea: jina la ua la kaskazini katika cheti cha kuzaliwa cha Lubumbashi

Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi vijana katika ukumbi wa parokia, komini (wilaya ya mji) ya Katuba

Waheshimiwa wazee wetu, baba na mama wazazi, ninyi wauguzi mliotoka moja kwa moja kazini kuja kutusikiliza, na ninyi vijana mnaongojea mtoto wenu wa kwanza, nawasalimu wote.

Nimeombwa nizungumze juu ya jina moja tu, nami nitajitahidi nisitoke nje yake. Jina lenyewe ni Linnea. Wazazi wawili wa mtaa huu wamelichagua kwa ajili ya binti wanayemtarajia, nkambo (mzazi wa mzazi) wa familia amelikataa kwa sababu hajawahi kulisikia tangu azaliwe, na mabishano yao yamevuka ukuta wa nyumba hadi yakafika kwenye jumuiya. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa biolojia, nimeitwa kutoa ushahidi kuhusu ua. Lakini nawaambia mapema kwamba ushahidi wangu hautaishia kwenye ua, kwa maana jina hili lina mambo mengi kuliko petali zake. Msimamo wangu ni huu: jina lililozoeleka linaelezwa na mji mzima, bali jina la nadra linaelezwa na nyumba moja, na nyumba hiyo isipojua la kusema, mtoto atabaki na sauti tupu.

Basi tuanze na mmea. Linnea ni mmea mdogo unaotambaa juu ya ardhi katika misitu ya misonobari ya kaskazini ya dunia, kuanzia Uswidi, Norwei na Ufini, kupitia Urusi, mpaka Kanada na sehemu za baridi za Marekani. Majani yake ni madogo, karibu ya duara, na hayapukutiki hata theluji ikiyafunika. Wakati wa kiangazi chao, kikonyo chembamba sana husimama wima kutoka kwenye shina linalotambaa, nacho hakizidi sana urefu wa kidole cha mkono; kikifika juu hugawanyika mara mbili, na kila upande huning'iniza ua moja lenye umbo la kengele, la rangi ya waridi iliyofifia, lenye harufu nzuri ambayo mtu hawezi kuipata mpaka apige magoti. Kila kikonyo kina maua mawili, yote yameinamisha vichwa. Hapa kwetu mmea huu hauoti, na ile baridi ya Juni na Julai inayotutoa makoti kabatini ni mchezo tu mbele ya baridi ambayo mmea huu umeizoea. Binti huyo atalibeba jina la ua ambalo pengine hataliona kwa macho yake, na sioni aibu katika jambo hilo, maana wakina Rose wengi wa Lubumbashi nao hawakulelewa katika bustani ya mawaridi.

Sasa jina lenyewe limetoka wapi? Hapa ndipo hadithi inapokuwa tamu. Huko Uswidi, katika jimbo la Småland, palikuwa na kijana mmoja aliyeitwa Nils Ingemarsson, yaani Nils mwana wa Ingemar, kwa kuwa watu wa vijijini wakati huo hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu alitajwa kwa jina la baba yake. Alipokwenda kujiandikisha katika chuo kikuu cha Lund ili asomee uchungaji, alitakiwa awe na jina la ukoo, naye akalichukua kutoka kwa mti mkubwa uliokuwa katika ardhi ya familia yake, ule mti ambao Wafaransa huuita tilleul na ambao maua yake yaliyokaushwa huuzwa kama chai ya kuleta usingizi. Kwa lahaja ya kwao mti huo uliitwa linn, basi Nils akajiita Linnaeus. Mwanawe Carl alizaliwa mwaka 1707 katika kijiji cha Råshult, akawa yule mwanasayansi ambaye dunia nzima inamkumbuka kwa kupanga mimea na wanyama na kuipa kila spishi jina la maneno mawili. Mwaka 1732, akiwa bado kijana, alisafiri katika nchi ya Lapland, kaskazini kabisa, na ile kengele ndogo ya waridi ikawa ua lake la moyoni. Rafiki yake wa Uholanzi, mwanabotania Jan Frederik Gronovius, ndiye aliyeupa mmea huo jina la Linnaea kwa heshima yake, na mwaka 1753 Carl mwenyewe akauorodhesha katika kitabu chake cha mimea kwa jina la Linnaea borealis, linalotumika hadi leo. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika, mwaka 1737, kwamba mmea huo ni wa chini, mdogo, usiotazamwa na watu, unaochanua kwa muda mfupi, na kwamba unafanana na mtu aliyeazimwa jina lake. Baadhi ya wasomaji wake wamesema huo ulikuwa unyenyekevu wa mtu anayejua vizuri thamani yake, nami nakubaliana nao, kwa sababu alipopewa cheo cha uungwana na kuitwa Carl von Linné, ua hilohilo dogo aliliweka katika nembo yake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, jina hili lilianza kama mti, likawa jina la ukoo, likarudi kuwa ua, kisha likaingia katika vitanda vya watoto wachanga. Sijui jina jingine la kike lililopita katika mimea mara mbili kwa njia hii.

Wale kati yenu waliopita kitivo cha agronomia pale UNILU, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wamekwisha kukutana na mtu huyu mara nyingi bila kumsalimia. Mnapoandika jina la kisayansi la mahindi tunayosongea bukari, yaani ugali, mnaandika Zea mays, halafu mnaweka herufi L na nukta. Karanga tunazosaga kwa ajili ya mboga ni Arachis hypogaea, tena L na nukta. Embe ni Mangifera indica, nalo lina L yake. Herufi hiyo ni Linnaeus, kwa maana katika botania mtu aliyeutangaza mmea kwa jina lake rasmi huandikwa nyuma yake. Muhogo wetu umemkwepa, kwa sababu Manihot esculenta iliandikwa na mtu mwingine, Crantz. Nayasema haya ili nkambo aliyeketi pale mbele ajue kwamba jina analoliona geni limekaa kwenye sahani yake miaka yote.

Tuje kwenye umaarufu. Uswidi, Linnea si jina la nadra hata kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 Waswidi walipenda sana kuwapa mabinti majina ya maua, na ua hili lilikuwa na sifa ya ziada ya kuwa ukumbusho wa mwanasayansi wao mkubwa. Baadaye jina lilipungua, kisha likarudi kwa nguvu kuanzia miaka ya 1990. Wengi hulibeba kama jina la pili, nyuma ya jina lingine, na ukihesabu pamoja majina yote ambayo mwanamke mmoja anaweza kuwa nayo, Linnea ni kati ya majina ya kike yaliyoenea zaidi nchini humo. Tunalijua hilo kwa sababu ofisi yao ya takwimu hutoa orodha kila mwaka. Wafaransa nao wana hesabu ya majina ya watoto tangu 1900, na Wamarekani tangu 1880. Hapa kwetu umaarufu wa jina tunaupima kwa masikio: orodha ya darasa inaposomwa asubuhi, kitabu cha ubatizo cha parokia, matangazo ya msiba redioni. Kwa kipimo hicho cha masikio, Linnea katika Lubumbashi ni jina la nadra kabisa, na Mswidi akipita Katuba akasikia mama anamwita binti yake kwa jina hilo, atageuka akidhani amefika kwao.

Niruhusuni nitoe tanbihi moja ambayo hunichekesha kila mara. Wazazi wengi huchagua majina ya maua wakidhani wanampa binti kitu laini kisicho na mwenyewe. Kumbe Dahlia ni ua lililopewa jina la Anders Dahl, Mswidi, mwanafunzi wa Linnaeus. Camélia limetokana na Kamel, Mjesuiti. Magnolia limetokana na Pierre Magnol, profesa wa Ufaransa. Zinnia limetokana na Zinn, daktari Mjerumani. Mabinti wetu wazuri wanatembea mjini na majina ya ukoo ya wazee wa Ulaya waliovaa nywele za bandia! Kwa upande mwingine, Narcisse na Hyacinthe, ambayo ni maua halali kabisa, hapa Kongo wanayabeba akina baba wenye ndevu, kwa sababu yalitujia kupitia kalenda ya watakatifu na si kupitia bustani.

Sasa nafika mahali pagumu, na naomba utulivu, kwa sababu sikutaka kulifunika jambo hili mbele ya watu wanaokwenda kuandika jina katika cheti. Linnaeus huyohuyo, katika toleo la 10 la kitabu chake cha kupanga viumbe, lililotoka mwaka 1758, ndiye aliyempa binadamu jina la Homo sapiens. Lakini katika kitabu hichohicho aliwagawa watu kwa mabara na kwa rangi, akaandika kwamba Mzungu anaongozwa na sheria, na kwamba Mwafrika ni mjanja, mvivu, mzembe, anayeongozwa na matakwa yake tu. Mtu huyo hakuwahi kukanyaga Afrika. Aliyaandika kwa Kilatini kilekile safi alichotumia kuhesabu stameni, yaani viungo vya kiume vya maua, na kwa sababu aliyaandika ndani ya kitabu cha sayansi, waliokuja baada yake wakayachukua kama sayansi. Sisi tulio katika mji ulioanzishwa na Wabelgiji mwaka 1910, mji ambao Mwafrika alipangiwa mtaa wake na Mzungu mtaa wake, tunajua maneno ya namna hiyo yaliishia wapi.

Je, hilo linatosha kulikataa jina? Niliulizwa swali hilo na baba mtarajiwa mwenyewe, na nikalitafakari kabla ya kumjibu. Kwa maoni yangu, halitoshi. Ua halikuandika kitabu, na wanawake wa kaskazini waliolibeba jina hili kwa zaidi ya karne moja hawakulipewa ili kuwatukana watu wa Kongo. Walipewa kwa sababu mama zao walikuwa wameokota maua hayo msituni. Lakini linatosha kabisa kumlazimisha mzazi ajue. Siku moja binti huyu atafika shule ya sekondari, atafungua kitabu au simu, atatafuta jina lake, na atakutana na sentensi ile kuhusu Mwafrika. Ningependa awe amekwisha kuisikia kutoka kinywani mwa baba yake, nyumbani, pamoja na maelezo yote, kabla mwanafunzi mwenzake hajamsomea kwa kumcheka. Mzazi asiye tayari kwa mazungumzo hayo achague Rose au Marguerite, ambayo hayadai kazi hiyo.

Na hapa ndipo ninapomwelewa nkambo. Hoja yake haikuwa chuki dhidi ya ugeni. Alisema kwamba mtoto anayepewa jina la bibi yake ana somo, yaani mtu hai anayemwita kwa jina lake mwenyewe, anayemletea kitambaa siku ya ubatizo, anayeulizwa habari zake mtoto anapokosea. Tena jina la babu au bibi linabeba mwenendo wake, na mtoto hukumbushwa mwenendo huo. Linnea hatakuwa na somo katika Lubumbashi yote. Kisha aliongeza jambo ambalo vijana hawakulifikiria: kwa desturi yetu, mtoto wa kwanza akizaliwa, majirani wataacha kumwita mama yake kwa jina lake. Ataitwa Mama Linnea sokoni, kanisani na kwenye foleni ya maji, kwa hiyo jina ambalo mama analichagua kwa ajili ya mtoto analichagua pia kwa ajili yake mwenyewe. Mama mtarajiwa aliposikia hivyo alilirudia mara kadhaa kwa sauti, «Mama Linnea, Mama Linnea», akaona linamkaa vizuri. Mimi nami naona linakaa vizuri: linaishia kwa irabu na halimsumbui ulimi mtu yeyote wa hapa.

Baadhi yenu wameuliza kama Kanisa linakataa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilidai jina la kikristo, na paroko alitakiwa kuongeza la mtakatifu kama wazazi walileta lingine. Ile ya 1983, katika kanuni ya 855, inasema tu kwamba wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisiwe jina lililo geni kwa hisia za kikristo. Ua la msituni halimkosei Mungu aliyeliumba.

Upande wa serikali historia yetu ni ndefu zaidi. Wazee waliomo humu wanaukumbuka mwaka 1972, Joseph-Désiré Mobutu alipojiita Mobutu Sese Seko na majina ya ubatizo yakaondolewa katika karatasi za serikali, watu wakabaki nayo nyumbani kwa siri, mpaka yaliporudi hadharani katika miaka ya 1990. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 nayo ilitaka majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa taifa, na yasiwe ya matusi wala ya kudhalilisha. Ndiyo maana ushauri wangu kwa familia hii ni kwamba jina la nkambo litangulie na Linnea lifuate, kama Waswidi wenyewe wanavyolipenda katika nafasi ya pili. Nkambo alipolisikia hilo hakusema ndiyo, lakini aliacha kusema hapana.

Kuna mzaha uliotolewa katika jumuiya kwamba, kwa kuwa ua hili hukaa mawilimawili, lingewafaa mapacha. Hapana. Mapacha katika mji huu wana majina yao kabla hawajazaliwa: kwa Waluba wa Katanga ni Kyungu na Kabange, kwa wale wa Kasai ni Mbuyi na Kabanga, na hakuna ua lolote la kaskazini litakalowaondoa hapo.

Kijana mmoja amenitumia swali kwa maandishi: kwa nini tusichukue ua la kwetu, jakaranda kwa mfano, lililopamba barabara zetu kila Septemba na Oktoba? Wazo zuri, ila jakaranda naye ni mgeni, alitoka Amerika ya Kusini. Ukitaka ua la nadra ambalo ni la Katanga kwelikweli, nenda kwenye vilima vya shaba, mahali ambapo udongo una madini mengi kiasi kwamba miti haikui na majani ni mafupi. Hapo utaona mmea mdogo wa jamii ya mrehani, wenye maua ya rangi ya zambarau, unaoitwa ua la shaba. Watafuta madini waliutumia kama alama ya mahali pa kuchimba, na wanaakiolojia nao waliufuata, kwa sababu unaota hata pale ambapo mababu zetu waliyeyusha shaba zamani na kuacha mabaki ya tanuru ardhini. Ni ua lenye habari za kumsimulia mtoto kuliko Linnea mara kumi. Lakini jina lake la kisayansi ni Haumaniastrum katangense, kwa heshima ya Lucien Hauman, mwanabotania wa Ubelgiji, na sidhani kuna mama yeyote hapa atakayekubali kuitwa Mama Haumaniastrum. Atakayelipatia ua hilo jina zuri la kike katika Kisanga au Kibemba, mimi nitakuwa wa kwanza kulipendekeza kwa wazazi.

Namalizia na kazi ya karani, kwa sababu hapo ndipo majina ya nadra yanapoumia. Linnea lina N mbili. Waswidi wengine huweka alama juu ya E, wengine hawaweki, na zote mbili ni sahihi. Chagueni moja, mkae nayo. Karani wa komini ambaye hajawahi kuliona ataandika Linéa, au Linea, au hata Lina, naye hatakuwa na kosa, atakuwa ameandika alichosikia. Tatizo litaanza miaka kumi na miwili baadaye, cheti cha kuzaliwa kikisema hivi, kitabu cha ubatizo vile na karatasi za mtihani wa Taifa vingine, na kurekebisha cheti kunapitia mahakamani. Sheria inawapa siku 90 tangu mtoto azaliwe kumwandikisha bila malipo. Katika siku hizo, baba aende ofisini na jina likiwa limeandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, lile la nkambo mbele na Linnea nyuma, ampe karani karatasi hiyo badala ya kumtamkia, na karani akimaliza kuandika, baba aombe kusoma kabla muhuri haujagongwa.

Asanteni kwa kunisikiliza. Maswali yaanze na nkambo.